Mstari Uliorukwa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na ule mguu umepata nafuu. Mimi sijambo, ila baridi ya huku Uingereza inanitafuna vidole. Nimeamua kuandika kwa sababu kila nikipiga simu yako anapokea kaka Deo, na kila mara anasema umelala. Tangu lini wewe ukalala mchana? Naogopa, mama.

Uliwahi kuniuliza nafanya kazi gani huku. Ipo tamthilia ya Kiingereza ya zamani sana, yenye mwisho wa vifo. Wataalamu wanaichapisha upya, na chini ya kila ukurasa wanabishana kwa maandishi madogo kama mayai ya chawa. Sisi tunalinganisha chapa za mwanzo: mwenzangu anasoma moja kwa sauti, mimi nafuata nyingine kwa kidole. Katika moja, mtumishi anamwonya mjane asifungue mlango. Katika nyingine mstari huo haupo. Mjane anafungua, anauawa. Hadi leo haijulikani nani aliuondoa.

Nilikuwa nacheka kwamba watu wazima wamekosa kazi. Sasa sicheki. Mwezi uliopita kaka alinitumia picha ya hati ya shamba letu la Namawala. Anasema ile aliyoandika marehemu baba ililowa wakati wa mafuriko, kwa hiyo ameinakili upya, na baada ya mavuno utaweka dole gumba. Picha ya hati ya baba ninayo, niliipiga kabla sijaondoka. Nikaziweka pamoja, nikafuata kwa kidole. Maneno ya baba, "Shamba lisiuzwe mama yao akiwa hai," hayamo.

Usiweke dole popote, mama. Labda kaka alichoka tu akaruka. Nataka kuamini hivyo, nashindwa.

Nisalimie baba mdogo mvuvi, mwambie nimewakumbuka perege wake, na shangazi wa Kidatu.

Ni mimi binti yako,
Oliva

Kaka Deo, shikamoo. Najua ni wewe unayemsomea mama. Barua hii nimeiandika mara mbili. Nyingine anayo mama mkubwa wa Katindiuka. Jumapili baada ya misa atakuja na binti yake mwalimu, aisome kwa sauti mbele ya mama, na wewe ufuate hii kwa kidole. Usiruke mstari.