Kwenda Kuliona Jina Langu Pinacate

Jumapili, 3 Februari 2019
Presha 140 juu. Ya chini sikumbuki. Daktari alisema niandike presha tu katika daftari hili, lakini mimi si mtu wa kuandika namba peke yake. Nimesoma madarasa mawili. Mawili yangu ni sawa na sita ya wengine.

Leo mjukuu wangu Nereida kaja na biskuti na karatasi. Karatasi ni kibali. Tunakwenda mlima Pinacate, Jumamosi ya tarehe 23. "Babu, safari hii utanionyesha jina lako," kasema. Mama yake, binti yangu Elvira, akaguna kwamba mzee wa miaka sabini na mbili hapelekwi kwenye mawe meusi yale. Nikamwambia mawe yale yananijua.

Mji wetu wote wa Sonoyta unajua. Mwaka 1970 walikuja wageni waliokuwa wakijifunza kutembea mwezini, maana kule Pinacate na mwezini ni kule kule. Nani aliwapeleka mpaka kwenye birika la mwamba, lile la ndani kabisa, ambalo maji yake ya mvua hayakauki? Hilario Bustamante. Nani aliazimwa nyundo na mkubwa wao, akachonga jina lake juu ya maji? Huyo huyo.

Nimekula biskuti nne.

Jumanne, 5 Februari
Nereida keshawatangazia wanafunzi wake. Anafundisha darasa la sita. Anataka kupiga picha ya jina langu aibandike ukutani, kubwa kama mlango. Nikasema kama mlango ni kubwa mno, dirisha linatosha. Akacheka, na lile pengo lake la jino likaonekana.

Jino lile lilitoka kwa ajili yangu. Alikuwa na miaka kumi na mbili. Mtoto mmoja shuleni alimwambia babu yako muongo. Yeye akapiga, akapigwa. Akaja nyumbani na jino kiganjani, hata hakulia. Elvira alitaka awekewe jingine. Amekataa mpaka leo. Anasema ni nishani yake.

Presha sikupima.

Ijumaa, 8 Februari
Goti linauma. Nimechechemea kutoka kitandani mpaka jikoni, vizuri kabisa, Nereida akiona. Jioni karudi na mkongojo wa alumini, unakunjwa, mwepesi kama unyoya.

Goti limepona.

Jumatatu, 11 Februari
Nimemwambia kule siku hizi hawaruhusu kuwasha kuni, na mimi chakula kisichonukia moshi hakipiti kooni. Akasema atabeba jiko la gesi na nyama kavu ya mama yake, imeshakaushwa, haihitaji moshi wangu. Nikasema gari la Elvira litapasuka matairi. Akasema ameazima la mwalimu mkuu, lile la juu, lina matairi mawili ya akiba.

Ubishi huu mtoto kautoa wapi? Kwetu hakuna mbishi.

Jumatano, 13 Februari
Nimekutana na Chano kwa kinyozi. Jina lake Feliciano, lakini hakuna anayelitumia. Ni kompadre wangu. Alimsimamia Elvira ubatizo mwaka 1971, na tangu siku ile sisi ni zaidi ya ndugu. Kompadre hamvui nguo kompadre wake mbele ya watu. Ndiyo sheria. Asiyeijua kalelewa na mbweha.

Na Chano mwaka 1970 alikuwepo. Tuliajiriwa sote wawili, kubeba maji.

"Nasikia unakwenda kulisalimu jina lako, kompadre," akasema, sabuni imemjaa kidevuni.

"Nakwenda."

"Miguu itakufikisha?"

"Miguu yangu haijawahi kunikosea."

Akakohoa. Kinyozi akasimamisha wembe. "Mara moja, kompadre," akasema Chano. "Mara moja tu."

Nikamwambia kinyozi amnyoe na masharubu, yameanza kuota ndani ya ubongo.

Jumamosi, 16 Februari
Nereida kaja kunionyesha viatu vya safari. Raba! Nyeupe. Nimemkalisha chini nikamfundisha. Mawe yale yanakula kiatu kama mbwa anavyokula mfupa. Soli ya gundi haifai, lazima ishonwe. Chini uweke mpira wa tairi. Kidole kikae huru. Na kamba ya akiba, mita mbili kila mguu. Nikaongea mpaka kahawa ikapoa.

Akaniangalia sana. "Babu, habari za viatu unazijua kuliko za mlima wenyewe."

Akaenda zake. Mimi sikupata usingizi wa mchana.

Jumapili, 17 Februari
Daftari hili nalilalia chini ya godoro. Elvira hupekua kabati tu. Basi niandike, halafu nifunge.

Mwaka ule wa 1970 nilikwenda na buti mpya. Za ncha, zimedariziwa kwa uzi mweupe, buti za dansi. Nilitaka wale wageni waone jimbo letu la Sonora lina wanaume wa namna gani. Siku ya kwanza walizisifu. Siku ya pili, adhuhuri, soli ya kushoto ikafungua mdomo. Kabla ya jioni na ya kulia. Chano alitaka kunipa viatu vyake, lakini mguu wa Chano ni mguu wa sungura. Nikarudishwa kwenye lori. Siku tatu nilikaa na mpishi nikisukuma tortila, chapati zetu za mahindi. Nilizisukuma vizuri, hilo niliandike, hata mpishi alikiri.

Birikani alikwenda Chano. Alirudi na kofia imelowa maji.

Mjini mimi ndiye niliyeanza kusimulia, maana Chano ni mzito wa maneno. Nilidhani uongo ule utaishi wiki moja. Ukamaliza mwaka. Kisha tukawa makompadre, akanyamaza moja kwa moja. Sasa una mvi kuliko mimi.

Presha 165.

Jumatano, 20 Februari
Nimekwenda kwa Chano. Alikuwa akimwaga maji kwenye mpilipili wake, tone kwa tone, bahili kama zamani.

Nikamuuliza, pale juu ya birika kuna jina? Kuna chochote?

"Miaka arobaini na tisa hukuuliza, kompadre."

"Nakuuliza leo."

"Leo namwagilia mpilipili."

Nikamwambia basi nitaumwa Ijumaa, kifua, kitu kikubwa, safari ife. Akaweka kopo chini. "Unamjua yule mdudu mweusi aliyeupa mlima jina? Ukimtisha huinamisha kichwa akanyanyua matako. Anadhani kajificha. Wewe, kompadre, ni yeye mtupu."

Nikasema utanifuata kwa mguu kunitukana mpaka huko?

"Kwa mguu kwa nini? Mtoto kaniomba tangu juzi. Nimeshapewa kiti cha mbele."

Ijumaa, 22 Februari
Presha 160. Nimemwandikia Elvira 130 kwenye kile kikaratasi cha friji.

Buti zangu za kazi nimezishona upya mwenyewe, chini nimeweka mpira wa tairi. Fundi yeyote aje aone.

Jumamosi, 23 Februari
Naandika juu ya jiwe. Saa tano asubuhi. Getini tuliandika majina. Mlinzi, kijana mpole, akauliza kama ni mara yangu ya kwanza. Chano akaanza kukohoa. Nereida akajibu kwa niaba yangu, kwa sauti, kwamba babu yake ni historia ya mahali hapa. Mlinzi akavua kofia.

Tumetembea saa mbili. Mawe meusi, dungusi, mbingu. Goti halijasema neno. Buti zimehimili, hata uzi mmoja haujalegea. Sina kisingizio.

Birika liko juu ya ule mwamba, hatua mia mbili hivi. Chano ndiye aliyetuongoza, kwa kidevu tu, huku, kule, na Nereida akidhani ni mimi. Katangulia na kamera. Anapanda kama mbuzi.

Nimekaa hapa nikasema napumzika. Chano kakaa nami.

Nimemwita. "Nereida! Rudi kwanza, mwanangu. Nina neno."

Chano kanishika mkono. "Mwache apande, mpumbavu wewe." Miaka yote hajawahi kuniita hivyo bila kuweka kompadre mbele. "Nyundo nilikaa nayo siku nzima, na jina lako ni refu. Mwache afike."

Nimemwangalia. Kaangalia pembeni, na uzee wake wote masikio yamekuwa mekundu.

Nereida kasimama, kageuka. Anashuka. Anacheka, pengo naliona toka hapa. Jino lile halikutolewa na Chano, lilitolewa na uongo wangu.

Kafika. "Nini, Babu?"

Nimemwambia akae, nimalize mstari huu. Kakaa. Mstari umeisha.