Leso ya Bi Mwanaisha

Mjukuu wangu Zuhura,

Sisi hapa Malindi tu wazima, alhamdulillahi. Goti la babu yako limetulia, sasa anatusumbua kwa maneno tu.

Umeniuliza kama yule mwanamke wa tamthilia mnayoisoma shuleni, aliyemtilia mumewe sumu kisha akainywa mwenyewe, astahili kuhurumiwa. Huyo namjua. Miaka ya themanini, nikiwa msichana wa shule, tuliuigiza mchezo huo huo kule Ngomeni, na mimi ndiye niliyekuwa yeye.

Basi wacha nitukanwe na watazamaji! Aliyewazidi wote ni Bi Mwanaisha, muuza viazi vya karai. "Muuaji mkubwa we! Mola atakulipa!"

Nikanywa sumu yangu, nikaanguka. Gauni likapanda juu ya magoti, watu wakacheka. Bi Mwanaisha akainuka, akapanda jukwaani, akaitoa leso aliyojitanda, akanifunika gubigubi.

"Alilolitenda ni lake na Mola wake," akawaambia. "Lakini hatalala wazi mbele ya watu nami nikiwapo."

Zuhura, maiti halii. Lakini mimi, chini ya leso ile, nililia mpaka pazia likafungwa.

Bibi yako,
Khadija