Kopo la Naphiri

Lilongwe,
9 Februari

Mpendwa Mjomba Wyson,

Nakusalimu kwa magoti yote mawili, kama ulivyonizoesha. Mguu unaendeleaje? Mkaza mjomba Esnart hajambo? Mimi afya ninayo, na nsima ya unga mweupe naila mchana na jioni, jambo ninaloona haya kukuandikia wewe unayekunywa uji wa pumba. Salamu ziishie hapo, maana nina hasira, na nikizungukazunguka nitaichana karatasi hii kama nilivyochana tatu zilizotangulia.

Barua yako niliipata Jumatatu. Umesema magari ya mahindi ya msaada yamepita mbele ya kijiji chetu yakaelekea wilaya ya jirani, na mkuu wa kijiji alipouliza akaambiwa kwetu hakuna njaa, kwa kuwa bei ya mahindi sokoni haijapanda tangu Oktoba. Ukaniagiza, wewe si ndiye mchumi wetu, hebu tutafutie jina la huyo mwongo. Nimelitafuta na ninalo. Ila kwanza nikueleze uongo wenyewe ulivyopikwa, kwa sababu haukupikwa na mjinga.

Unalijua kopo la Naphiri, lile analopimia mahindi pale soko la Chimbalanga. Oktoba lilikuwa kopo zima. Novemba akaligonga kitako kwa nyundo, kikaingia ndani kidogo. Krismasi akaligonga tena. Mwezi uliopita kitako kilikuwa kimepanda vidole vinne, karibu nusu ya kopo, na bei ni ile ile. Naphiri mwenyewe hafichi. Alipoulizwa alisema akipandisha bei wanaume watamvunjia kibanda, ila akiponda kopo watamsonya tu, kisha watanunua. Mwanamke yule hakumaliza hata darasa la nne, na anaujua uchumi kuliko ofisi yetu nzima.

Maana fomu yetu ya bei ina kisanduku kimoja tu, bei ya kopo. Kopo linabeba kiasi gani, hakuna anayeuliza. Nilimwuliza mkuu wangu, Bwana Msukwa, kwa nini hatupimi kwa mizani. Akacheka, akasema mizani iko stoo, betri zimeisha, na kwamba chuoni tulifundishwa kufikiri lakini hapa tunalipwa kujaza. Akaongeza kwamba wasichana wa vijijini wakishapewa kalamu wanaanza kuwalilia ndugu zao. Ofisi nzima ikacheka. Nilitamani kummwagia chai yake usoni.

Mjomba, uliuza dume lako la mkokoteni nikasome Zomba miaka minne. Kwenye mtihani wa mwisho kulikuwa na swali hili hili: bei ikikaa palepale na kipimo kikapungua, bei imepanda au haijapanda? Nilijibu kurasa tatu. Hakuna darasani aliyenizidi alama.

Sasa jina. Aliyejaza fomu ya Chimbalanga ni mimi. Nilikuja tarehe kumi na nne Januari kwa gari la ofisi, wala sikupita nyumbani kukuamkia. Vile vidole vinne ni vyangu, niliviingiza kwenye kopo mbele ya Naphiri. Yale maneno aliniambia mimi. Kisha nikaandika kwamba bei haijabadilika, nikatia sahihi. Wiki ile Bwana Msukwa alikuwa anaamua nani apewe ajira ya kudumu, nami sikutaka aseme nawalilia ndugu. Nikapewa ajira. Nikanunua viatu. Nilijiambia atakuja mwingine kupima, na nilijua vizuri kabisa kwamba hakuna mwingine.

Juzi nimeijaza fomu upya na vidole vyote vinne nimeviandika. Bwana Msukwa hata hakugomba. Alinijibu kwa upole kwamba orodha ya wilaya zenye njaa imeshafungwa na itafunguliwa Aprili. Aprili mtakuwa mnavuna, Mjomba, wale mtakaokuwa mmebaki. Namchukia kwa upole ule, na najichukia zaidi, kwa sababu yeye hajui ladha ya uji wa pumba na mimi naijua.

Magunia mawili yanakuja na basi la Ijumaa. Hayatoshi hata ukoo wetu. Usinishukuru, tafadhali, nitatapika. Ninachokuomba ni uisome barua hii barazani, mbele ya mkuu wa kijiji, na ukifika pale penye jina usiruke mistari kwa kunionea huruma. Wakibisha, mwiteni Naphiri, atawaambia.

Nisalimie mkaza mjomba, umwambie namwombea yeye na watoto. Kama baada ya baraza hamtaki nije tena, nitaelewa. Lakini watu wakikuuliza mwongo ni nani, usiseme ni serikali. Sema ni mtoto wa dada yako.

Ni mimi uliyenisomesha,

Zione