Mgongo Katika Moshi wa Mawese

Mama Andjelani,

Sijui karatasi inafikaje huko uliko. Nitaiweka chini ya jiwe, kichwani pa kaburi lako, upande usiopigwa na mvua, nawe utafanya utakavyoweza.

Huku kwetu Baraka tuko. Muhogo wa upande wa mto Mutambala umekomaa vizuri. Kuku wako mwekundu bado anataga ndani ya kikapu cha nguo, mimi bado ninamfukuza, naye bado hanisikii. Kiti chako nimekigeuza kitazame ukuta. Nilichoka kukiona kimekaa kama kinangoja mtu.

Lakini nimeshika kalamu kwa ajili ya binti yetu. Andjelani hataki kwenda chuo kikuu.

Unakumbuka ulichoniambia, siku ile ulipokuwa huwezi hata kushika kikombe. Hukuuliza nitakula nini, wala nani atanifulia. Ulisema tu: "Andjelani asome. Asiishie kwa pipa ya mawese kama mi." Nikakubali. Na diploma ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari, aliipata, mama. Wenzake walimmwagia poda kichwani mpaka akafanana na bibi kizee, akaja mbio barabarani akicheka, na mimi nikageuka nyuma kukuita utoke uone.

Chuo cha Bukavu kikamkubali. Halafu siku moja, tukimenya muhogo, akasema bila hasira yoyote: "Papa, mi siendi Bukavu. Nabaki huku, nafanya mawese."

Nilidhani ni uchovu. Nikamwita kaka yako Wilondja aje amwambie. Alikuja na kofia yake, akakaa, akaanza: "Diplôme ya kukoroga mawese! Shemeji, weye ulizaa mutoto ao ulizaa mwiko?" Andjelani akamwongezea samaki na kumwambia, "Kula, mujomba, hiyo mafuta yenye uko nalamba ni ya mwiko." Hata yeye alicheka. Lakini alipoondoka alinishika mkono akaniambia nisikubali, kwamba neno la marehemu halichezewi.

Tangu hapo sikulala vizuri. Nilikuwa kati yako na yeye.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijamweleza Wilondja.

Unajua kawaida yako ya pale mtoni, penye pipa lako. Mtu anayepika mawese hasalimiwi. Ulisema ukiitika, mafuta yanakata tamaa ya kupanda juu. Majirani walizoea, hata mchungaji alipita kimya. Mimi nilipotoka shambani nilipita nyuma yako bila neno, na wewe ulinyanyua kiwiko kidogo tu. Ndivyo nilivyojua umeniona. Sikuwahi kukwambia kwamba nilikuwa nazunguka makusudi kupitia pale.

Andjelani naye alipoanza kupika aliifuata kawaida hiyo. Basi asubuhi moja ya ukungu nilipita nikitoka kuchimba muhogo. Moto ulikuwa unawaka, mvuke umejaa, na ndani yake nikaona mgongo umeinama juu ya pipa, kitenge kimefungwa juu chini ya makwapa, mwiko unazunguka polepole. Nikapita kimya. Kiwiko kikanyanyuka.

Nilifika nyumbani, nikaweka maji ya bugali jikoni. Yalikuwa hayajachemka pikipiki iliposimama mlangoni. Andjelani akashuka, matope yamemrukia mpaka kwenye kope, na samaki wakavu wa dada yako wa Nundu mkononi. Alikuwa amelala Nundu. Mimi mwenyewe ndiye niliyemtuma, na nilikuwa nimesahau.

"Papa, mbona unaniangalia hivyo?"

Nikasema ni moshi. Nikarudi mtoni. Pipa lilikuwa baridi. Majivu yamelowa mvua ya jana, na mwiko umeegemea mchikichi, mkavu.

Nilimuuliza Mama Neema, jirani, kama alipita pale asubuhi. "Nilipita. Mutoto yako iko na nguvu, kila siku iko pale! Sikumusalimia, njo kawaida, unajua." Kila siku. Lakini Andjelani hapiki kila siku, mama. Wote wanapita, hakuna anayesalimia, basi hakuna anayejua ni nani asiyeitika.

Niliogopa, na hofu yangu ilikuwa hii: kama ni wewe, umekuja kumshika abaki, au umekuja kumfukuza aende? Sikujua nikutii vipi. Na kama anabaki kwa sababu wewe umemshika, basi huo si uamuzi wa mtoto wangu. Hilo nisingelikubali hata kwako.

Nikamuuliza waziwazi. Ni mama anakuambia ubaki?

Akacheka kwanza. "Mama? Mama alinifukuza kwa ile pipa toka niko mudogo. 'Toka hapa, enda shika kitabu!' Nilisoma juu yake, papa, ni yeye alitaka. Nilimaliza juu yake. Sasa nataka kitu yangu, na ile kazi mi naipenda." Halafu kicheko kikakatika, akanitazama sana. "Juu ya nini unaniuliza? Na weye unamuona?"

Na weye. Nilikaa chini.

Alisema hata yeye anakuona, lakini husemi kitu. Unakoroga mpaka mafuta yapande, halafu unabaki moshi tu. Alisema haogopi. Nikamuuliza, na siku mama akiacha kuja? Akajibu upesi, kama mtu aliyekwisha kujiuliza zamani: "Nabaki vilevile. Sibaki juu yake. Siendi juu yake."

Niliviangalia vidole vyake vyekundu kwa mawese, nikaona nina mtu mzima mbele yangu.

Leo asubuhi nilipita mtoni. Migongo ilikuwa miwili. Nikasimama, nikavunja kawaida yako, nikasalimu kwa sauti. Mmoja uligeuka: "Eeh, papa, umeamka?" Wa pili ukaendelea kukoroga. Na mafuta yalipanda, mama. Niliyaona yakipanda.

Basi neno lako ninakurudishia. Nililibeba nilivyoweza. Alisoma, na mahali aliposimama hakusimamishwa na mtu.

Ninakuahidi sitamsukuma, wala sitamwacha Wilondja amwite mwiko tena mbele yangu. Michikichi ya kilimani nitaipanda mimi mwenyewe kukata chikichi, ingawa ulikuwa unasema nitaanguka.

Lala sasa, mke wangu. Sikufukuzi. Ningekuwa na ujasiri ningekaa pale nikuangalie mpaka moto ufe. Lakini kesho nitamketisha Andjelani nimwambie kwa kinywa changu kwamba nimekubali, na yeye atanijibu apendavyo. Kesho usije. Hayo ni maneno yetu sisi wazima.

Mume wako,
Baba Andjelani