Mashavu ya Dawa

Makole, Dodoma

Mdogo wangu Emilia,

Pokea salamu nyingi za dada yako. U mzima? Na kuku wako waliacha kuugua? Huku watoto wazima, shemeji yako Gideoni anakusalimu. Ni mimi tu nilikuwa hoi. Simu yako anaishika mama mkwe wako, ndiyo maana nimempa kaka yetu Abeli barua hii akuletee mkononi. Isome peke yako.

Mwaka jana vidole na magoti vilinivimba mpaka nikashindwa kumfunga mtoto nepi. Sikuwaambia. Daktari alisema kinga ya mwili wangu inaushambulia mwili wenyewe, akanipa prednisoloni kuituliza. Haikupita wiki nikasonga ugali mwenyewe. Uso nao ukajaa, wauza nafaka wa Majengo wakawa wananitania eti mjini kumenikubali. Ulikuwa uvimbe wa dawa, lakini nilipenda kusifiwa, nikanyamaza.

Jumanne nimekwenda kununua uwele, nikatapika, macho yakaingia giza, nikaanguka na mtoto mgongoni. Hakuumia, ashukuriwe Mungu. Hospitali walinichoma sindano, wakaniwekea dripu, wakauliza nani kanikatisha dawa. Daktari alisema ukizinywa muda mrefu, mwili unaacha kutengeneza dawa yake wenyewe ya namna hiyo. Ukikatisha ghafla unaweza kufa. Hupunguzwa kidogo kidogo, na daktari ndiye anayepanga. Nikadanganya kwamba nilisahau.

Sikusahau, Emilia. Ziliniishia kwa sababu nilikuwa nakugawia wewe. Uliponililia kwamba mama mkwe anauliza kama kaletewa mkwe au fimbo ya kuchungia ng'ombe, nilikuhurumia. Zile nilizokutumia, nikaziita vitamini za kliniki, si vitamini. Ni hizo hizo. Sasa Abeli anasema umepata mashavu na ukweni wanakusifu. Miezi mitatu unazinywa!

Usizitupe kwa hasira. Usiongeze hata kidonge kimoja. Kunywa kama ulivyozoea, na kesho asubuhi upande gari na Abeli mje, nikaseme ukweli kwa daktari mbele yako. Ukitapika au ukipata kizunguzungu, usingoje gari. Kimbilia zahanati uwatajie jina, prednisoloni. Mama mkwe akinuna, mwache anune, nitakuja kumjibu mimi.

Wasalimie wote hapo Bahi, ila ya humu usiwaambie kwanza. Najua utanichukia. Nichukie, mdogo wangu, ila uje.

Ni mimi dada yako,
Raheli