Bustani ya Dada Leya na Kiherehere Changu

Jumapili, masika yamepamba moto

Mvua inanyesha tangu alfajiri na kutoka hapa dirishani ziwa halionekani kabisa, ni weupe mtupu. Sijaenda kanisani. Sijapika. Nimekunywa chai ya rangi vikombe vitatu, na kila nikikaa nasimama tena. Basi nimeamua kuandika, ingawa kuandika ndiko kulikonifikisha hapa.

Nina kiherehere. Mama yangu kule Same amenisema kwa hilo tangu nikiwa mtoto, na nilipopangiwa kazi Kigoma alinishika mkono pale stendi akaniambia nikifika kwa watu nikae kwanza, nitazame, ndipo nifungue mdomo. Nilicheka. Nikamwambia mimi ni nesi, mama, kazi yangu ni mdomo.

Mnaosoma blogu hii mnaikumbuka ile habari ya bustani. Mliipenda, mkaisambaza kwenye makundi ya WhatsApp, mkanipa hongera nikavimba kichwa. Leo nawaambia iliishia wapi. Yule mwanamke nitamwita Dada Leya. Si jina lake. Mara ya kwanza niliandika jina lake.

Nilimfahamu siku ya kupima watoto. Nilikuwa nimesimama mbele ya kina mama na bango langu la lishe, nahubiri karoti, maziwa, mayai, matofaa. Akapaza sauti mtu wa nyuma kabisa, ana mtoto mwembamba mapajani: "Samahani nesi, hilo tunda jekundu hapa Rusimbi linauzwa kwa nani?" Kina mama wakaangua kicheko. Mimi nilinuna, siwezi kudanganya. Lakini wakati namwandikia uzito wa mtoto nikamuuliza yeye anampa nini, akasema njoo uone.

Alikuwa amepanga chumba kimoja uani kwa Bi Hadija, yeye na huyo mtoto wa marehemu dada yake. Ua wenyewe hauzidi ukubwa wa chumba cha darasa, na ulikuwa umejaa chakula. Viroba vya mkaa vimejazwa udongo na samadi ya mbuzi, katikati kapanga mawe ili maji yashuke mpaka chini, ubavuni katoboa matundu na kila tundu lina mche. Mabeseni yaliyopasuka, makopo ya rangi, hata sufuria isiyo na kitako. Kulikuwa na mchicha, ambao yeye aliuita lengalenga, nyanya chungu, matembele, majani ya maboga. Wadudu aliwafukuza kwa majivu na maji ya pilipili. Mbolea ya dukani hakuijua na dawa ya kupulizia hakuitaka. Siku ile alinipikia sombe, yaani kisamvu, kwa mawese na dagaa, nikala mpaka nikaona aibu.

Nikamng'ang'ania awafundishe wenzake. Alikataa mara mbili. Kama ningekuwa mtu wa kutazama kwanza ningejiuliza kwa nini mtu mchangamfu hivi anakataa kusimama zahanati mbele za watu. Sikujiuliza. Nilimsumbua mpaka akakubali wamfuate palepale uani, wachachewachache. Wakamfuata kweli. Baada ya miezi kadhaa ukipita mitaa ya huku unaona viroba vimesimama milangoni, na kwenye kadi za watoto ile mistari ya uzito iliyokuwa imelala ikaanza kupanda. Nilitamba nayo ofisini kama vile nimelima mimi.

Siku moja tukichambua matembele, akanieleza mwenyewe. Alivuka kutoka Burundi na mtoto mgongoni. Kule kambi ya wakimbizi mlango wake ulikuwa na kijisehemu cha hatua mbili tu, na hapo ndipo alipojifunza kulima kwenye viroba. Mtoto akawa anazidi kukonda, homa haziishi, akaona atamzika. Akatoka bila kibali, akaja mjini. Alisema yote hayo akiangalia majani, hakuniangalia mimi. Alipomaliza akaniuliza kama nitabeba matembele ya jioni.

Na mimi nikafikiri: hii ni habari nzuri sana!

Mungu wangu. Hicho ndicho nilichofikiri.

Nikaandika jioni ileile. Mkimbizi anayetufundisha kula, ndivyo nilivyoandika, na jina, na mtaa, na picha yake amesimama kati ya viroba anacheka mkono mdomoni. Nilitaka kumheshimisha. Niliona watu wanavyowasema vibaya wakimbizi nikasema ngoja niwanyamazishe. Sikumwuliza kama nimwandike. Nilidhani nitamshangaza.

Kitu nisichokijua ni kwamba mtaa mzima ulikuwa unajua. Kwa watu wote Leya alikuwa mpwa wa Bi Hadija kutoka Manyovu, basi, yameisha. Kiha na Kirundi vinakaribiana mno, masikio yangu ya Kipare hayasikii tofauti, lakini wao walisikia tangu salamu ya kwanza. Muuza samaki alijua. Balozi wa nyumba kumi alijua. Kina mama wa kwaya na kina mama wa msikitini walijua. Hawakukaa kikao kukubaliana, hakuna aliyemkanya mwenzake. Hawakuuliza tu. Mgeni pekee katika mtaa ule alikuwa mimi.

Wiki mbili baadaye wakaja watu watatu zahanati, wanaume wawili na mwanamke mmoja, wamevaa vizuri, wana adabu. Wakasema wamesoma nilichoandika na wangependa kuiona hiyo bustani.

Niliwapeleka mwenyewe.

Nilitangulia mbele, jamani. Nilikuwa naongea njia nzima, nawaonyesha viroba vya nyumba hii na ile, nikidhani labda wataleta mbegu, labda pipa la maji. Nikapiga hodi kwa sauti ya furaha. Bi Hadija akafungua, akawatazama wale watu, akanitazama mimi, na nikaona uso wake unabadilika. Akawakaribisha. Walipoanza kuuliza akajibu bila kupepesa macho kwamba huyo ni mpwa wake, mtoto wa kaka yake wa Manyovu, na kama wanataka mashahidi aite majirani. Majirani walikuwa wameshaanza kusogea. Nadhani wangeapa wote.

Yule mwanamke akanigeukia, kwa upole kabisa. "Nesi, si wewe uliyeandika kwamba alitoka kambini?"

Ningeweza kusema nilikosea. Ningeweza kusema niliongeza chumvi ili watu wasome, nani angenikamata kwa kuongeza chumvi? Bi Hadija, mwanamke wa swala tano, alikuwa amesimama pale anadanganya kwa ajili ya mpangaji wake. Mimi nikasema, "Ndiyo, lakini..." Hakuna aliyengoja hiyo lakini.

Watu wa uhamiaji hawakumpiga wala kumtukana, na sheria ni sheria, najua. Walimpa muda wa kufunga vitu vyake kabla ya kumrudisha kambini. Alifunga nguo kwenye kanga, akachukua sufuria, akamvika mtoto sweta. Hakulia. Alipofika mlangoni akaniuliza, sauti yake ileile ya kila siku: "Nesi, kadi ya mtoto naenda nayo, au mnaibakiza?" Nikamwambia nenda nayo. Ndilo neno pekee nililomwambia.

Niliifuta ile habari siku hiyohiyo, lakini picha ilikuwa imeshazagaa, mpaka shangazi yangu wa Moshi alinitumia akisema hongera mwanangu.

Jumatano iliyofuata nilifungua daftari la kupima watoto, nikangoja. Kwa kawaida foleni inafika mpaka barabarani. Walikuja wachache sana, wale ambao ukoo wao unajulikana mpaka kaburi la babu. Wengine nilikuwa sijui, wallahi sikuwa najua, kwamba nao hawana karatasi, au mume hana, au wana dada aliyevuka mpaka, amefichwa chumba cha ndani. Nikatoka kuwafuata nyumbani. Viroba vingine vimeng'olewa milangoni, udongo umemwagwa. Nikamkuta mama mmoja ambaye mtoto wake alikuwa ameanza kunenepa vizuri, nikamwambia kwa nini hukuja, mtoto ana chanjo. Alinijibu pole pole tu, hana hasira.

"Nesi, wewe unaandika."

Nilirudi zahanati nikafunga mlango nikalia. Nimefanya kampeni ya chakula cha nyumbani na mwisho wake watoto wanafichwa ndani wasipimwe, na anayefichwa watoto hao ni mimi, mwenye mizani.

Jana nilikwenda kwa Bi Hadija. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanipa kigoda. Anavimwagilia vile viroba yeye mwenyewe, na miguu yake ile mibovu. Nikamwomba msamaha mpaka kamasi zikanitoka. Alinipa ncha ya kanga yake nijifute, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nimekaa naye miaka miwili. Sijawahi kusikia kinywani mwake katoka wapi. Sikuuliza, naye hakusema." Halafu akauliza, si kwa ubaya, kwa kutaka kujua tu: "Wewe ulijuaje?"

Nikamwomba kopo, nikamalizia kumwagilia viroba vilivyobaki. 

Leo asubuhi, kwenye mvua hii, simu ikaita, namba nisiyoijua. Ni Leya. Ameazima simu ya mtu kambini. Mtoto anaharisha, amemtengenezea maji ya chumvi na sukari, anataka kujua kipimo kama ndicho. Nikamweleza. Nikamwambia ampeleke hospitali ya hapo leo hii, asingoje kesho. Akasema sawa. Kisha nikaanza kulia kwenye simu kama mtoto, nisamehe dada yangu, nisamehe, sikujua.

Alingoja nimalize. Akasema, "Nilikwambia wewe peke yako."

Simu ikakatika, au aliikata, sijui. Nimepiga mara nne, haipatikani.

Najua, hata hii ni kuandika. Nimeiandika kwa sababu ile ya kwanza mlipiga makofi, na makofi yale nayarudisha. Baada ya hii naifunga blogu. Jumatano nitafungua zahanati mapema, na akija mama yeyote nitampima mtoto wake, nitamwandikia kilo zake, nitamwambia habari za mchicha na majivu, na jina atakaloniambia ndilo jina lake. Asipokuja nitabeba mizani begani nimfuate, nipige hodi, na nisubiri nje mpaka yeye mwenyewe aseme karibu. Wanaweza wasiseme. Nitasimama tu hapo nje.