Kufuli la Kaka Yako

Shemeji yangu,

Sisi wazima. Kitinda mimba ameng'oka jino, kutwa anacheka mdomo wazi.

Ulitaka tulipeleke kufuli alilobuni kaka yako kwenye lile shindano la kuzuia vifo vya umeme kazini. Nilikwenda. Karani alinipa pole, akasema, "Mama, masharti yanataka aliyebuni aje mwenyewe."

Unajua kaka yako alivyokuwa. Hagusi mashine ya kiwanda kabla hajalifunga kwenye swichi kuu, mtu asije akawasha umeme. Siku ile alikuwa ameliacha nyumbani, kalipaka rangi nyekundu ili liwapendeze majaji. Mwenzake akawasha, hana habari.

Rangi ilikauka siku tuliyomzika. Limependeza kweli, shemeji.

Ni mimi,
mke wa kaka yako